Spika ya kati ya kuendana na KEF Reference 104/2: nitafute nini?

Mwanamwanza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nina jozi ya KEF Reference 104/2, zile ndefu zilizoanza kutoka mwaka 1984. Zilishuka na mzigo wa mtumba wa Uingereza. Kwa muziki sina cha kulalamika, rumba likipigwa unasikia mpaka kidole kinavyoteleza kwenye waya wa gitaa. Shida ni filamu. Spika ya kati ninayotumia ni ile iliyokuja na hom thieta ya boksi, kiplastiki chepesi. Mtu akiongea katikati ya TV anasikika kama yuko ndani ya kopo, akitembea kwenda kushoto anageuka mtu mwingine kabisa mwenye kifua.

TV ni nchi 55, iko ukutani. Chini yake kuna kabati la kimo cha sentimita 45. Kochi liko mita 3 kutoka hapo, na watoto na wageni hukaa pembeni kwenye mkeka. Dukani nimeambiwa "chukua KEF yoyote, kampuni ni moja, sauti ni moja". Hii ni kweli au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

Fundi Koili:

Mwanamwanza, hongera kwa mzigo. Hilo la "kampuni moja sauti moja" tutalifikia. Kwanza kagua hizo mbili ulizonazo, maana watu wengi wanaruka hatua hii.

104/2 zina zaidi ya miaka 30. Ndani ya kila boksi kuna wufa (spika za besi) mbili za nchi 8 ambazo huzioni kwa mbele, zimefichwa na kuunganishwa kwa ufito wa chuma ili mtikisiko wa moja uue wa mwenzake. Besi inatokea kwenye tundu la mbele. Juu kuna midi (za sauti ya wastani) mbili aina ya B110, na katikati yake twita (ya sauti kali za juu) ya T33. Ufundi wa hali ya juu, lakini umri hauna adabu. Ukingo wa sponji wa wufa huoza. Ukiufikia na kuubonyeza, sponji inabaki kidoleni, nyeusi, inanata. Kwa kuwa wufa zimefichwa, mwenye spika anaweza kukaa nazo hivyo muda mrefu akidhani kurekodi ndiko kubaya. Halafu twita ina mafuta yenye chembe za sumaku yanayozunguka koili, kazi yake ni kupoza koili na kutuliza mtetemo. Yakikauka yanakuwa gundi, twita inapoteza uhai. Mwisho ni kapasita za krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa, midi na twita, ambazo thamani yake huhama taratibu kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa fikiria: unatafuta spika ya kati ifanane na twita iliyokauka. Utaipata, iliyofifia vilevile. Siku fundi akifufua twita zako, ile ya kati inakuwa mgeni ndani ya nyumba na unaanza upya. Kwa hiyo fanya hivi leo usiku, ni bure. Kwenye risiva yako, mashine inayoendesha spika zote, kuna kelele ya majaribio, ule mvumo wa "shhhh" unaohama spika moja hadi nyingine. Kaa katikati ya kochi, sikiliza kushoto na kulia tu. Usisikilize ukubwa, sikiliza herufi. Kama moja inasema "sss" na nyingine inasema "hhh", spika zako zenyewe haziendani, na hakuna spika ya kati duniani itakayoendana na zote mbili.

Nikirudi kwenye swali lako. Besi iondoe kwenye mjadala, risiva itaikata kwenye 80 Hz na kuipeleka kwenye sabufa. Kinachobaki ni eneo la sauti ya mtu, kuanzia Hz 200 hivi hadi 5,000. Hapo ndipo sikio la binadamu halidanganyiki, kwa sababu tunasikia watu wakiongea tangu tukiwa wachanga. Spika ya kati inapaswa kufanana na 104/2 hapo, na kusambaza sauti pembeni kwa namna inayofanana. Nembo iliyobandikwa mbele haisaidii chochote.

Tena usitegemee kupata ndugu yake aliyezaliwa naye. 104/2 zilitoka 1984, wakati Dolby Pro Logic, mfumo wa kuchambua sauti ya katikati ya filamu, ambao ndio uliofanya watu waanze kununua spika ya kati kwa ajili ya sebuleni, ilikuja 1987. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosikiliza santuri kwa spika mbili.

Kitundu:

Fundi, kama midi ni B110 si achukue tu LS3/5a moja aiweke katikati? Ile ya BBC nayo ina B110. Ndogo, inakaa hata juu ya kabati.

Fundi Koili:

Kitundu, wazo lina akili lakini litamtia hasara. B110 ya LS3/5a koni yake ni ya bekstrini, ya 104/2 ni ya polipropilini, plastiki mbili tofauti. Jina moja, sauti mbili. Na hilo ndilo dogo.

Kubwa ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. KEF waliandika 92 dB kwa 104/2. LS3/5a iko kwenye 83 hivi. Tofauti ni desibeli 9, na kila desibeli 3 ni kuongeza wati maradufu, kwa hiyo unahitaji wati mara 8 ili LS3/5a ilingane na 104/2. Pale ambapo ya kushoto inakula wati 10 kwenye mlipuko wa filamu, ya kati inadai 80. Koili yake haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Risiva itakuruhusu kuongeza kiwango cha katikati kwenye setingi, namba zitaonekana zimelingana, lakini mtu akipiga kelele kwenye filamu spika itajikunja. Tena LS3/5a inatafutwa na wakusanyaji, ukiichoma umechoma pesa ya mtu mzima.

Mtu wa Luthuli:

Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona mnamsumbua huyu ndugu bure. Aingie kwenye setingi za risiva, pale kwa spika ya kati aweke "hakuna". Risiva itagawa sauti ya katikati kwa kushoto na kulia, na 104/2 zikiwekwa vizuri mtu anasikika katikati ya TV kabisa. Hiyo ndiyo spika inayofanana na 104/2 kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Mimi naishi hivyo miaka na sioni haja ya boksi la tatu. Hapa mtaa wa Luthuli kila siku naona watu wakibeba spika za kati ambazo zinaharibu spika nzuri walizonazo.

Bi Sauti:

Kaka wa Luthuli, unaishi peke yako eeh? 😄

Hiyo inafanya kazi kwa mtu mmoja aliyekaa katikati. Mwanamwanza amesema wageni wako kwenye mkeka pembeni. Aliye kushoto, spika ya kushoto inamfikia mapema na kwa nguvu zaidi, basi waigizaji wote wanahamia kushoto. Hata ukikaa katikati bado kuna kasoro: sauti ya spika ya kushoto inafika pia kwenye sikio la kulia ikiwa imechelewa kidogo, na ya kulia vilevile kwenye sikio la kushoto. Zikikutana zinaumana karibu na 2,000 Hz, mahali penyewe ambapo konsonanti zinaeleweka. Ndiyo maana spika halisi ya katikati, hata ya kawaida, mara nyingi inafanya maneno yasikike wazi zaidi.

Kuna jambo jingine halijatajwa. Hizi filamu zetu za kutafsiriwa, zile zenye mtu anayesimulia juu ya filamu, nyingi zina chaneli mbili tu. Spika ya kati haitatoa kitu mpaka uwashe Pro Logic au Dolby Surround kwenye risiva. Mashine inatafuta kilicho sawa kushoto na kulia, inakipeleka katikati. Msimulizi anakaa sawa kote, kwa hiyo anatua katikati mzimamzima, na muziki unabaki pembeni. Mama mkwe wangu ndipo alipoanza kusifia mitambo yangu.

Mimi ninazo B&W Matrix 804, na katikati nimeweka Matrix 805 moja, imesimama wima. 805 ina wufa ya Kevlar ya nchi 6.5 na ile twita inayokaa juu ya boksi kwenye nyumba yake. 804 zina Kevlar za ukubwa huohuo mbili na twita ya namna ileile. Mtu anayevuka TV anabaki mtu mmoja. Dukani walitaka kunipa boksi refu la kulala eti "hii ndiyo center". Spika haijui kuwa ni center. Ni spika tu.

Mwanamwanza:

Dada Bi Sauti, lakini si nasikia spika ya kati lazima iwe na kinga ya sumaku?

Bi Sauti:

Hiyo ilikuwa enzi ya TV ya chogo. Sumaku ya spika ikikaribia kioo, kona ya picha inageuka zambarau au kijani. Ndiyo maana spika za kati za zamani ziliwekwa sumaku ya pili na kifuniko cha chuma, na ndiyo maana watu waliogopa kuweka spika ya kawaida ya stereo chini ya TV. TV yako ya ukutani haina shida hiyo. Mlango uliokuwa umefungwa kwa wenye 104/2 miaka ile, leo uko wazi: unaweza kuweka spika yoyote hapo.

Fundi Koili:

Hapo Bi Sauti umemaliza, niongezee tu kwa nini hilo boksi la kulala linanikera.

Boksi la kawaida la kati lina midi au wufa mbili, twita katikati, limelazwa. Likisimama wima, mpangilio huo ni mzuri sana, na 104/2 yako ndiyo ilivyo: midi, twita, midi, juu hadi chini. Ukiulaza, ugomvi unahamia pembeni. Tuseme vitovu vya wufa hizo mbili vimeachana sentimita 30. Aliyekaa katikati anapata sauti ya zote mbili kwa pamoja. Mgeni wako yuko mita 3 mbele ya TV na mita 1.7 pembeni, hiyo ni nyuzi 30 hivi. Kwake wufa moja iko mbali kuliko nyingine kwa sentimita 15. Wimbi la urefu wa sentimita 30, yaani karibu 1,140 Hz, linamfikia likiwa limepishana nusu kwa nusu. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Linakufa. Na 1,140 Hz iko katikati ya sauti ya mtu. Mgeni atakwambia "mbona siwaelewi wanachosema", wewe uliyekaa katikati utamwona kiziwi.

Kurekebisha kwa maikrofoni ya risiva, Audyssey na wenzake, hakuwezi kuondoa hilo. Wanaweza kusawazisha kiwango, umbali, na kiasi fulani cha rangi ya sauti pale maikrofoni ilipowekwa. Mawimbi yanayouana kwenye mkeka yanabaki yakiuana.

Maboksi haya ya kulala yako kwa sababu TV imeziba mahali pa spika. Kwenye jumba la sinema skrini ina matundu madogo, na nyuma yake kuna spika tatu za namna moja: kushoto, kati, kulia, zote zimesimama. Kwa hiyo nikiulizwa jibu bora kabisa kwa Mwanamwanza ni lipi, ni 104/2 ya tatu. Zipo zinazouzwa moja moja, mtu ameunguza au kuangusha mwenzake, na bei ya yatima haiwi nusu ya jozi, inakuwa chini ya hapo.

Kitundu:

104/2 ya tatu iko na kimo cha sentimita 90, Fundi. Ataiweka wapi, TV apeleke darini?

Fundi Koili:

Ukweli huo. Kwa mwenye projekta na skrini ya matundu hilo ni jibu. Kwa TV ya nchi 55 ukutani, ukisimamisha 90 chini yake watu watatazama filamu huku shingo zimeinuka kama wanatafuta mwezi wa Idi. Na kuilaza 104/2 ni kurudi kwenye ugomvi wa mawimbi nilioueleza.

Basi tunashuka hadi la pili: spika ambayo twita imekaa katikati ya koni ya midi. KEF waliileta hiyo mwaka 1988 wakaiita Uni-Q. Kwa kuwa sauti ya juu na ya kati zinatoka mahali pamoja, hazigombani upande wowote. Kwenye safu ya Reference ya miaka ya 1990 kulikuwa na spika ya kati iitwayo 200C, yenye Uni-Q. Ukiiona mtumba na koni zake ni nzima, hiyo ni mgombea halali, ingawa ni boksi kubwa, pima kabati kwanza. Usipoipata, Uni-Q moja ya rafu ya miaka ya karibuni, isimame wima. Q150 ni 86 dB, LS50 ni 85. Dhidi ya 92 zako, Q150 inahitaji wati mara 4, siyo 8. Kwa sebule na mita 3, ukikata besi kwenye 80 Hz au hata 100, inavumilika. Sisemi zitafanana na T33 kitone kwa kitone. Nasema mtu akivuka TV hatabadilika kabila.

Mtu wa Luthuli:

Na omu, yaani ukinzani wa spika, je? Hizo 104/2 ni omu 4. Akiweka ya kati ya omu 8 si zitakosana?

Fundi Koili:

Hapana, kila chaneli ya risiva ina amplifaya yake, hazijuani. Ya kati ya omu 8 ni nafuu kwa risiva. Wa kuangaliwa ni 104/2. KEF walizitengeneza ziwe omu 4 karibu kote, bila milima na mabonde, kwa hiyo amplifaya nzuri inazipenda. Ila risiva ya bei ndogo iliyoandikwa omu 6 hadi 8 nyuma itachemka ukipandisha sauti. Kama risiva yako ina matundu ya kutolea kwenda amplifaya nyingine, tafuta amplifaya ya stereo ya zamani yenye nguvu, iendeshe kushoto na kulia, risiva ibaki na ya kati na za nyuma. Wengi wakifanya hivyo wanadhani wamebadilisha spika ya kati, kumbe risiva imepumua tu.

Bi Sauti:

Mwanamwanza, na ukishaiweka usiitupe ndani kabisa ya kabati. Uso wake ulingane na ukingo wa mbele wa kabati au utokeze kidogo, la sivyo ubao unarudisha sauti na unapata tena yule mtu wa kwenye kopo. Weka kipande cha raba chini ya mbele ili iangalie masikio, sentimita 45 ni chini mno. Kisha hakikisha waya haujageuzwa, nyekundu kwa nyekundu. Njia ya haraka: isogeze ya kati karibu na ya kushoto, weka wimbo wa mono kwenye zote mbili, sikiliza. Geuza waya wa moja, sikiliza tena. Upande ambao sauti nzito inajaa ndio sahihi. Ukimaliza, pima kila spika kwa kelele ya majaribio, programu ya simu inatosha, 75 dB kila moja pale unapokaa.

Mwanamwanza:

Wakuu nimerudi. Nimefanya ile ya "shhhh" usiku watoto wamelala. Kulia inasema "sss" safi. Kushoto ni "hhh" kama mtu ameweka kiganja mdomoni. Nimebadilishana waya nyuma ya risiva, ubovu umebaki kwenye spika ileile, kwa hiyo siyo risiva.

Hapa kuna fundi anasema atanitafutia twita ya kushoto mpya, kisha "ataipiga krosova nzima" kapasita za gharama, za kushoto tu kwa kuwa kulia ni nzima. Spika ya kati nimeiweka pembeni kwanza. Mnasemaje?

Fundi Koili:

Mwambie asubiri. Twita ya kushoto ikiwa mpya na ya kulia ina miaka 30 na zaidi, umenunua tofauti kwa pesa yako. Fungua zote mbili, T33 zote mbili. Koili ikiwa nzima kwenye multimita, na zikisoma karibu sawa, hakuna haja ya twita mpya. Mafuta yaliyoganda yatolewe kwenye mwanya kwa vipande vya karatasi ngumu, kuzungusha taratibu mpaka karatasi itoke kavu, kisha yawekwe mapya, matone machache, kiasi kilekile kushoto na kulia. Akishafunga rudia "shhhh".

Zikilingana, krosova iache. Zisipolingana ndipo kapasita zipimwe, na zikibadilishwa zibadilishwe boksi zote mbili, kwa thamani ileile na aina ileile. Hizo za gharama zitabadilisha tabia ya krosova ambayo KEF waliipima na kapasita za aina ile ya kwanza.

Na mafuta ya twita yanauzwa kwa kazi hiyo, agiza mtandaoni ukingoje. Fundi akikwambia mafuta ya cherehani ni yaleyale, chukua spika zako urudi nyumbani.